Nyuzi Nane za Babu Nyamweya

Sellah uko? Niko kwa sherehe ya babu na shosho ya miaka hamsini ya ndoa. Shosho ametumaliza mbele ya pastor.

Unajua vile Babu Nyamweya hujisifu ati alikuwa msanii wa mashamba yote ya chai Kericho? Uongo. Uongo mtupu.

Ni hivi. Mwaka wa sabini na moja meneja mzungu anarudi kwao, anamwachia mandola. Ni kama gitaa fupi yenye tumbo, nyuzi nane zimepangwa mbili mbili. Babu akahesabu nane, akasema hii ni obokano tu, kinubi chetu cha nyuzi nane, wazungu walitoa kwetu Kisii.

Sasa obokano kila uzi una sauti yake. Basi akakaza zote nane, kila moja na sauti yake. Johana wa kwaya akamwambia polepole, "Nyamweya, hizi ni pacha. Kila mbili zilie sauti moja, ndio chord ishike."

Babu akasema, "Mimi, Mkisii, nifundishwe nyuzi nane?"

Nifundishwe nyuzi nane. Sellah.

Uzi mwembamba ulipokatika akaweka waya ya breki ya baiskeli. Na ndiyo hiyo alibeba mpaka Kedowa kuposa shosho. Alipiga mpaka ng'ombe wakakataa kukamuliwa.

Leo pastor anauliza, "Mama, ni nini ilikuvutia kwa huyu mzee?"

Shosho akasema, "Nilikubali ndio anyamaze."

Babu hata hakuona aibu. Akasema, "Kwani haikufanya kazi?" Sasa ameingia kwa nyumba kuitoa hiyo mandola.