Kopo la Unga wa Protini

Kaka mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na pale udobi mashuka ya hospitali hayaishi. Ulivyosikia ni kweli: jioni nanyanyua vyuma jimu, kisha nakunywa unga wa protini niliokoroga kwa maziwa, ili misuli iliyochoka ijijenge upya. Kocha anasema hata mayai na maharage yanatosha, ila nikitoka pale sina hamu ya kuwasha jiko.

Juzi shemeji yako alimwaga kopo zima kwenye sinki. "Mwanamke, misuli ya nini?"

Nikanunua jingine. Alipoliona mezani akainua mkono, kama kawaida yake, ile kawaida uliyoniambia niivumilie. Safari hii niliudaka. Sikumpiga, kaka. Niliushika tu hewani. Akavuta, akavuta, mpaka akakaa chini mwenyewe.

"Niachie," akasema kwa sauti ndogo.

"Misuli ni ya kazi hii," nikamjibu.

Usije kutusuluhisha. Nguo zake nimezifunga kwenye sanduku, liko mlangoni. Ukija, uje kunisalimia tu. Neno "vumilia" liache huko huko.

Mdogo wako anayekupenda, na asiyeogopa mtu.