Dhahabu Niliyomuuzia Simeoni

Jumapili. Mvua haijakatika hapa Nyakahura tangu mchana, na nimerudi kutoka harusini na moyo mzito.

Leo Nahimana amemwoza mjukuu wake kule Mabawe. Mbele ya wageni wote alinishika mkono, akasema, "Huyu ndiye kaka yangu. Nilipokimbia vita kwetu Burundi sina kitu, yeye na mkewe walinipa chumba." Watu wakapiga vigelegele.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Enzi za Ujamaa, asubuhi nililima shamba la kijiji. Mchana nilijificha kijitoni, nikichekecha mchanga kutafuta dhahabu. Mnunuzi wangu alikuwa Simeoni, mchuuzi aliyevuka mpaka wa Burundi kwa baiskeli. Siku moja nilimuuliza anaipeleka wapi.

"Kwa wakubwa wanaopigana kule," alisema. "Dhahabu ndiyo inayonunua bunduki. Wangeishiwa, wangepatana. Lakini hawaishiwi."

Akanipa blanketi mbili na redio. Nikapokea.

Kwa hiyo nilijua. Nisiwadanganye ninyi mnaosoma hapa.

Mahindi yalipokuwa yanakomaa, wakimbizi wakaanza kumiminika. Mwenyekiti wa kijiji alituletea Nahimana, mjamzito, mumewe ameuawa mbele ya macho yake. Alisema waliomuua walikuwa na bunduki mpya, bado zinanuka mafuta. Mke wangu alilia naye. Mimi nilitoka nje.

Wiki mbili baadaye Simeoni akaja. Nahimana alikuwa uani, anatupepetea mtama. Nilimzungusha Simeoni nyuma ya nyumba, nikamuuzia.

Tena. Baada ya yote niliyoyasikia.

Alipoondoka, Nahimana aliniuliza, "Kaka, yule mgeni ametoka kwetu? Ana habari gani za huko?"

Nikamjibu, "Ni muuza chumvi tu."

Kijitoni sikurudi tena. Vita ya Kagera ilipoanza nilijitolea kupakia chakula cha askari, nikasifiwa kwa uzalendo. Mke wangu amekufa bila kujua.

Labda dhahabu yangu ya kwanza haikumuua mume wa Nahimana. Siwezi kujua. Lakini ile ya mwisho niliitoa nikiwa nimeshamwona mjane kwa macho yangu.

Kesho napanda basi la asubuhi kwenda Mabawe. Nitamwambia kabla sijakaa, kabla hajaniita kaka.