Omena ya Mama Adoyo

Jumanne, 6 Mei

Nimefua mashati ya kola ya Baba Tito tena. Maji ya ziwa yanayatia manjano. Tangu awekewe mikono ya uchungaji mwezi uliopita anataka yawe meupe kama ya askofu, na sabuni ni mimi. Nimechoka.

Nyumba ya kanisa haina dari. Mvua ikipiga mabati hatusikizani. Tito analilia Migosi, mtaa wetu wa mjini, anataka marafiki zake, na mdogo wake analia kwa kumwiga. Mimi nalilia kimoyomoyo, mke wa mchungaji halii hadharani.

Kuku wangu niliotoka nao Migosi wamegoma kutaga. Kule nilikuwa nawanunulia chakula sokoni Mamboleo. Hapa wanakula mahindi ya kuvunjwa na kunitazama vibaya.

Mchana wamama wawili wa kanisa wakaingia bila hodi, moja kwa moja hadi jikoni, wakafunua sufuria zangu. Wakacheka kitu kwa Kijaluo. Walipoenda nikafunga geti. Baba Tito akarudi akanikanya, nyumba ya mchungaji haifungwi mchana. Sawa. Nyumba ya mchungaji, si yangu.

Jumatano, 7 Mei

Leo amekuja Mama Adoyo. Ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Mjane, mrefu, maneno machache. Ameleta omena, dagaa wa ziwani, ameifunga kwa leso kuukuu, akanipa kwa mikono miwili. Nikasema ero kamano, asante yao. Kijaluo changu kikaishia hapo. Mimi Mmaragoli wa mjini, hata Kimaragoli chenyewe nakibahatisha.

Omena yenyewe imebadilika rangi, nyekundu nyekundu, mchanga umo. Harufu imejaa nyumba nzima. Tangu utotoni siipendi. Na ya namna hii kule mjini si ya watu, ni ya kusagia kuku.

Nimeiweka nje kwenye ndoo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewapa kuku. Wamepigania.

Jioni Baba Tito akaulizia ile omena. Nikamwambia tumeipika mchana alipokuwa matangani, watoto wakalamba sahani. Uongo ulitoka mwepesi, hata sikuutafuta. Akafurahi kweli, akasema naanza kuwa mtu wa huku. Nimeona haya kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Mayai mawili asubuhi. Nikawarushia kuku omena iliyobaki, na huku naimba.

Kugeuka, Mama Adoyo yuko nyuma yangu. Amefuata leso yake.

Akatazama kuku. Akatazama ndoo. Halafu akanitazama mimi. Niliingia ndani, nikachukua leso, nikampa. Hata kufua sikuwa nimeifua. Akaikung'uta, akaikunja polepole, akauliza kama watoto hawajambo. Nikasema hawajambo. Akaenda zake. Angenitukana ningepumua.

Jioni jirani akaja kuomba kiberiti, akakaa kupiga porojo. Ndipo nikajua. Ziwa limefungwa. Tangu Aprili omena haivuliwi mpaka Agosti, iachwe izaane. Kila nyumba inakula akiba. Mvua ilinyeshea omena ya Mama Adoyo ikiwa bado imeanikwa, ndiyo maana ya wekundu ule, na bado ndiyo hiyo anayoila na wajukuu wake. Jirani alikuwa anasimulia tu, hakuwa ananisema. Nilijikuta nimeshika chumvi na sijui naipeleka wapi.

Mayai tuliyala. Nayo yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.

Jumapili, 11 Mei

Siku mbaya. Niiandike tu.

Baba Tito amehubiri juu ya mjane wa Sarepta, yule aliyempikia nabii unga wake wa mwisho. Alihubiri vizuri. Nilikuwa najivuna pale mbele, na kofia yangu. Mara akasema hata hapa tunaye mjane wetu. Akamsimamisha Mama Adoyo.

"Omena ya huyu mama imelisha watoto wangu," akasema. "Mke wangu aliipika, wakalamba sahani."

Kanisa zima likapiga makofi. Mama Adoyo akasema Amina, akaketi. Hakugeuka upande wangu hata mara moja.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mume wangu amesema uongo mimbarani, hajamaliza hata miezi miwili katika kola, na hajui. Mimi ndiye niliyemtilia mdomoni. Nje baada ya ibada watu wakanisalimia kwa mikono, mmoja mmoja, na kila mkono niliona unanijua.

Jumatatu, 12 Mei

Sijamwambia. Anapiga mluzi nyumba nzima, eti mahubiri ya jana yameingia.

Geti liko wazi tangu asubuhi. Wamama wamepita kwenda ziwani, wamerudi na ndoo zao. Hakuna aliyeingia. Nilipika chai ya watu wengi. Tumeinywa mimi na Tito mpaka akachoka.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia. Alikuwa anafungua kamba za viatu, akabaki hivyo hivyo, ameinama.

Sikujitetea. Nilianza kusema harufu, nikaacha. Akaniuliza kama Mama Adoyo anajua. Nikasema aliona kwa macho yake, Ijumaa, kabla ya mahubiri. Hapo ndipo uso ulipombadilika. Akakumbuka ile Amina.

Anasema Jumapili atasahihisha mbele ya watu. Nikamsihi. Nikamwambia hawatatuheshimu tena, atakuwa mchungaji wa kuchekwa na mimi nitakuwa wimbo wa ufukweni. Nikalia. Hakupandisha sauti.

"Watu hawa nitawazika," akasema. "Nikisimama kaburini kwao waamini neno gani?"

Amelala akitazama ukuta.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeenda kwa Mama Adoyo. Miguu haikutaka.

Nilimkuta akipalilia mihogo. Nikaanza kusema nikiwa bado nimesimama njiani, yote, kuku, uongo, kwamba mchungaji hakujua na asihesabiwe kosa. Aliendelea kupalilia. Nilipofika katikati akanipa jembe la pili. Nikamalizia hadithi yangu nikilima. Nilikata mihogo miwili kwa bahati mbaya, akaiokota, akaiweka kando.

Mwisho wa mstari akauliza, "Hayo mayai yalikuwa tamu?"

Nikasema ndiyo.

"Ee," akasema.

Nikamwambia na la Jumapili, kwamba mchungaji atasema hadharani. Akatikisa kichwa, sijui ni kukataa au ni nzi. Chai sikupewa. Hapa mtu hatoki nyumbani kwa watu bila chai, hata mimi nimeshajua hilo. Nimerudi na malengelenge mkononi na aibu yangu nzima, haijapungua.

Jumapili, 18 Mei

Baba Tito alifunga Biblia. Jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Jumapili iliyopita," akasema, "nilisema neno hapa juu ya nyumba yangu."

Nilishika mkono wa Tito mpaka akalia namuumiza.

Kabla hajaongeza, Mama Adoyo akaanzisha pambio. Ni desturi ya akina mama huku. Mtu akitoa ushuhuda akalemewa na kilio, wanamfunika kwa wimbo mpaka apate nguvu. Lakini mume wangu hakuwa analia. Ngoma ikaingia, kayamba, kanisa lote likasimama. Wimbo ukaisha, Baba Tito akafungua mdomo, Mama Adoyo akaanzisha wa pili. Akafungua tena, wa tatu ukampata. Wazee walikuwa wanatazama viatu vyao.

Hatimaye akasema, "Mama, niache niseme."

"Tumesikia, mchungaji," Mama Adoyo akajibu, hata hakuinuka. "Sisi tunajua. Funga ibada, watu wana njaa."

Sisi tunajua. Sisi. Nikawatazama wamama wote mstari ule. Walijua. Walijua hata Jumapili ile, na wakapiga makofi hivyo hivyo, asiaibike mchungaji wao mpya. Mimi niliyasikia makofi yale nikadhani nimewadanganya.

Sijawahi kuona aibu namna hii. Ile ya kwanza ilikuwa ya kukamatwa. Hii siijui jina.

Baba Tito akafunga ibada. Njiani kuja nyumbani alinibebea kiti cha mtoto.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imeacha. Nguo zimekauka, kola bado manjano.

Mama Adoyo ameingia bila hodi, hadi jikoni. Akafunua sufuria. Akaweka mezani vifurushi viwili, leso mbili.

"Hii ya watu," akasema. "Hii ya kuku."

Akanywa chai yangu, vikombe viwili, akaniambia sukari ni nyingi. Akaenda kulima.

Nimeosha omena kwa maji ya moto mpaka mchanga ukaisha. Nimeikaanga kwa kitunguu na nyanya. Watoto wamelamba sahani, safari hii kweli. Baba Tito ameongeza ugali. Mimi nimekula yangu yote. Bado siipendi.

Baadaye nimefungua kifurushi cha pili. Ni omena ile ile. Imechambuliwa vile vile, hakuna hata tofauti ya rangi.

Kuku nimewapa mahindi.