Sauti ya Mfamasia

Mdogo wangu mpenzi,

Hatujambo. Paa tumeliziba na paka amezaa.

Shemeji yako bado yuko kiwanda cha mbao, ila mgongo haumkazi tena. Mfamasia wa karibu na stendi alimpa vidonge vya kulegeza misuli, na eti vinalinda pia sikio la ndani lisiumizwe na kelele za msumeno. Maelezo ya yule mwanamke anayakariri mezani neno kwa neno, chakula kinapoa. Siku yangu ya kuzaliwa haikumbuki.

Vidonge ni vya mwezi mzima, lakini yeye hupita dukani kila jioni, kidevu kimenyolewa.

"Namuuliza mambo ya dawa tu," anasema. "Ana sauti ya upole. Hapayuki kama wewe."

Mdogo wangu, nani alinifundisha kupayuka? Miaka yote alirudi masikio yakimvuma. Nisipopaza sauti, hata salamu haisikii.

Jana nilijaribu kumwita kwa upole. Ikatoka mikwaruzo mitupu.

"Una mafua?" akaniuliza. "Ngoja nikakuulizie dawa."

Nilipogeuka kumjibu, alishavaa viatu.

Ni mimi dada yako,
niliyekaukwa na koo.