Sauti Nyuma ya Nguzo

Dada yangu mpenzi,

Na hapana, sijakonda. Uliniuliza juzi kwenye simu, halafu mteja wako akapiga kelele kwamba umemvuta nywele, nikabaki na jibu mdomoni. Ndiyo maana nakuandikia. Ukiniweka spika hapo saluni, wateja wote wananijibu kabla yako, na yule mama wa rangi za kucha hunitakia mapacha hata sijamaliza kusalimia. Barua haina spika.

Mgongo wako unaendeleaje? Umeanza kukalia kile kiti kirefu kama nilivyokusihi, au bado unasuka umeinama kutwa nzima? Mimi ni mzima kabisa. Shemeji yako naye mzima, isipokuwa amepata kovu jipya la cheche mkononi, ambalo nimelibusu mara nyingi mpaka akaniuliza kama nimeolewa na mkono au na mtu.

Mume wangu, dada! Niache niliandike tena: mume wangu. Akirudi kutoka kazini huanza kuniita tangu ngazi za chini, na majirani wanafungua milango wakidhani kuna moto. Anakata kucha zangu kwa uangalifu uleule anaotumia kuchomelea matangi ya maji. Anasema hajawahi kuona kiungo kizuri kama kiwiko changu. Kiwiko, dada! Kuna mwanamume mwingine duniani anayeona viwiko?

Lakini matangi hayo hufungwa mbali, kwa hiyo fundi wangu huondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi. Siku za katikati naongea na birika. Nimeshajua mlio wa kila mlango wa jengo hili, na hakuna mlango hata mmoja unaofunguliwa kwa ajili yangu. Kiwandani, ninakofungasha sabuni, wananiita Bibi Harusi, wananiuliza ndoa ikoje, kisha wanageukia mazungumzo yao ya watu nisiowajua. Hawana ubaya. Wana miaka mingi pamoja, na mimi nimeingia katikati ya hadithi.

Sasa, nesi wa chumba cha huduma ya kwanza ndiye kocha wa timu ya netiboli ya kiwanda. Siku alipouliza nani amewahi kucheza, nilinyoosha mikono yote miwili. Nikajisifu kwamba shuleni nilikuwa mfungaji, na wewe ni shahidi. Basi mechi ya kwanza, dhidi ya timu ya benki, pete ilinikataa. Mbele yangu walimweka mlinzi wanayemwita Mnara, dada mmoja ambaye mikono yake inaanzia pale yangu inapoishia. Nilipokosa mara ya kwanza alinipa pole. Nilipozidi kukosa, akaniuliza kwa upole kabisa kama niletewe ngazi. Kufika kipindi cha mwisho wenzangu walikuwa hawanipi mpira tena. Walinizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi. Baada ya mechi walikwenda kunywa soda, na hakuna aliyeniambia twende.

Kocha akanieleza wazi kwamba ananipa mechi moja zaidi, ya marudiano, na nikiharibu anamweka msichana wa uhasibu. Nikamwambia sawa. Ila nilikuwa najua kwamba nikitoka kwenye timu sina watu tena katika mji huu nilioletwa na ndoa. Narudi kwa birika langu.

Siku ya mazoezi akanivuta pembeni akaniuliza naongea na nani, maana midomo yangu inacheza kila ninapolenga. Nikaona aibu, lakini nikamwambia. Nilikuwa najiambia: utakosa, wote wanakuangalia, umefuata nini huku. Kocha akakunja uso. Akasema mchezaji mwingine akinitamkia maneno hayo uwanjani, angemrudisha nyumbani siku hiyohiyo, sasa kwa nini mimi niruhusiwe? Akaniamuru nitafute maneno mengine, mafupi na mazuri, nijiambie kabla ya kila mpira.

Nikajaribu, dada. Nilijiambia mimi ni bora, mimi ni simba jike. Kicheko kikanitoka, mpira ukatua juu ya kibanda cha mlinzi wa geti. Kocha akasema nisichague maneno ya kujipamba, nichague ninayoweza kuyaamini hata nikiwa nimejikasirikia.

Jumapili shemeji yako akaja uwanjani kunisaidia. Akaniambia nijiambie: mke wangu mzuri, moyo wangu wote uko nawe, utashinda. Jamani! Niliyeyuka. Tatizo ni kwamba na magoti yaliyeyuka, na mtu halengi pete kwa magoti ya siagi.

Siku ya marudiano mpira ulinifikia kwa bahati tu, pasi ya mtu mwingine iliyopotea. Mnara akainua mikono, mbingu ikafungwa. Nikajisikia nasema polepole: hakuna anayekukimbiza. Magoti. Haya, weka. Nikakunja magoti, nikaweka. Mpira ukaingia bila hata kugusa pete. Uliofuata ukaingia pia. Sikupata yote, lakini kila nilipokosa nilijiambia maneno yaleyale badala ya kujitukana, na wenzangu wakaanza kunitafuta kwa pasi. Tukashinda. Mnara akamlalamikia mwamuzi kwamba si haki, pale golini tulikuwa wawili dhidi yake.

Jumamosi nilimpokea mume wangu ngazini na habari hizo. Akauliza nilijiambia maneno gani, na uso wake ulivyong'aa, nikashindwa. Nikamwambia ni yale ya kwake. Sasa amewatangazia mafundi wote, nao wanamwita Kocha, naye anaitika! Nimemdanganya mtu ninayempenda kuliko pumzi yangu, na sijui nitamwambiaje.

Kwa sababu wewe unajua maneno yale ni ya nani. Ni yako, dada. Ulikuwa unasimama nyuma ya nguzo ya goli kwenye uwanja wa shule, mikono umeikunja, kitana kimechomekwa kichwani, na hukuwahi hata mara moja kunisifu. Ulisema hayo tu. Siku ile ya marudiano nilikusikia kabisa, na ule ukali wako wa kuvuta neno "haya". Nikakuchukua. Nikapanda na wewe ngazi, nikaingia na wewe chumbani, nikajiambia hakuna anayekukimbiza, kaa, nikakaa. Siku zile hata birika lilinyamaza.

Lakini Jumatano iliyopita mazoezini nililenga, nikasema "magoti", na sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Nikarudia. Yangu tena. Mpira uliingia vizuri sana. Nimejaribu kukurudisha ngazini na jikoni, nayasema maneno yote kwa mpangilio wake, lakini ni mimi tu ninayeyasema. Nilipomweleza nesi, kocha wetu wa kweli, akafurahi, akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, sasa maneno yamekuwa mali yangu. Nafasi yangu kwenye timu ni ya uhakika, wenzangu wananingoja getini, na soda tunakunywa pamoja. Nimefurahi, sikufichi. Ila nikiachana nao, ngazi napanda peke yangu, na sikuwa nimejiandaa kukuaga mara ya pili.

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi, naye amekubali. Nisalimie wateja wako wote, hata yule wa mapacha. Shemeji yako anakusalimu sana, na tangi likikamilika mapema tutakuja wote. Lisipokamilika nitakuja mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha. Usinipikie wala usinikumbatie kwanza. Nipeleke moja kwa moja uwanjani, usimame mahali pako. Nitakosa makusudi mpaka uchoke kunyamaza.

Mdogo wako, ambaye sasa ni mke wa mtu