Panya wa Mama Neema

Sepuka, Jumanne usiku

Hapana, kesho nawaambia wazi watu wa hapa. Mimi ni Mmakonde wa Newala, ndiyo, lakini panya sijawahi kumla, na isitoshe namwogopa.

Jioni Mama Neema, mwenye nyumba wangu, alinigongea mlango. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka. "Marahaba, mwalimu. Kuna panya kwenye magunia yangu ya alizeti. Nimeona nikuite wewe, maana kwenu ndiyo kitoweo." Mkononi ameshika sufuria na mfuniko wake. Kwa heshima kabisa, kama mtu anayemwita fundi.

Ningekataa vipi? Majirani walishajaa uani kumtazama mtaalamu.

Nikasogeza gunia la kwanza. Panya akatoka, akapita juu ya kiatu changu. Kilichofuata sikikumbuki vizuri, ila nilijikuta juu ya magunia, napiga kelele ambazo wanafunzi wangu wakizisikia nimekwisha. Mama Neema ndiye aliyemmaliza, kwa mchi, pigo moja.

"Pole, mwalimu," akasema. "Kumbe kwenu mnajua kula tu, kukamata hamjui."

Baadaye ameniletea bakuli lililofunikwa. "La kukupoza moyo," akasema, akaondoka. Nimelikodolea macho muda mrefu. Njaa inauma, na harufu ni nzuri. Hilo ndilo linalonitisha.

Mwishowe nimefunua. Ni kuku, tena paja zima.

Lakini kabla ya kula, mimi mwenyewe, Mmakonde wa Newala, nimekoroga mchuzi wote kwa kijiko nikitafuta mkia.