Baba Hakuganda

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu,

U hali gani? Unakula? Usingizi unakuja? Shemeji na mwanetu Kidoti wanaendeleaje na hiyo baridi? Sisi miili ni mizima; mioyo ndiyo bado. Mama ameanza kutoka chumbani. Jana alifua mashati ya Baba, akayaanika, akayakunja, akayarudisha kabatini kana kwamba kuna wa kuyavaa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kuna picha ndani ya bahasha hii, na kwa sababu haya nikiyasema kwa simu nitalia kabla sijafika katikati. Usiitazame kwanza. Soma.

Dada, ulipotuma ujumbe kwamba mtandao wetu ndio uliokunyima Baba siku ya mwisho, mume wangu aliusoma, akaniachia simu, akaenda kusimama dirishani. Huyu ni mtu anayeimba huku akitengeneza friji za watu! Utasema mapenzi mapya yamenipofusha. Nakubali, yamenipofusha kabisa, namwangalia akinywa chai naona kama sinema. Lakini hili nililiona vizuri.

Tulipomleta Baba kwetu kutoka hospitali, alitaka jambo moja tu: akuone usoni bila wewe kukatikakatika. Basi mume wangu akaingia kazini. Alizunguka nyumba na simu mkononi akipima kasi ya intaneti, sebuleni, jikoni, hadi bafuni. Kile kisanduku cha intaneti nilikuwa nimekificha nyuma ya kabati la chuma na kukitandikia kitambaa cha harusi, maana kiliniharibia sebule yangu mpya. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, umemfunika mtu shuka, umemwekea ukuta wa chuma, halafu unataka asikike?" Akakipandisha juu ya mlango, peupe. Akavuta waya kutoka hapo hadi kwenye kompyuta kando ya kitanda, ili picha isitegemee hewa. Akatoa televisheni na simu zetu zote kwenye mtandao. Akampigia rafiki yake kwa majaribio, akapiga tena, mpaka yule bwana akaapa kwamba uso wake ameshaukariri.

Baba akamwambia, "Mkwe, ulikuja kuoa au kutega mitambo?"

"Vyote, Mzee. Mtego wa kwanza umeshanasa."

Baba alicheka, dada. Kicheko chembamba, lakini kicheko.

Siku ile ulikuja safi kama uko chumba cha pili. Baba alikuwa ameomba shati jeupe, lifungwe mpaka kifungo cha shingoni. Mkasalimiana vizuri. Kisha ukamwambia, "Baba, tulia basi nikuone."

Ulisahau unamwambia nani. Mpiga picha! Maisha yake yote amewaambia maharusi, wanafunzi na watu wa vitambulisho: kidevu juu kidogo, usipepese, usipumue. Hata picha zangu za harusi alizipiga mwenyewe, ameketi kwenye kigoda kwa kuwa miguu ilishakataa. Ukamwambia atulie, akatulia kwa ufundi wake wote. Kidevu juu. Macho kwako. Akaibana na ile pumzi yake ndogo.

Mimi nilikuwa naingia na maji. Mume wangu yuko mlangoni, moyo umemjaa, akainua simu akawapiga picha nyote wawili, Baba kitandani na wewe kwenye kioo cha kompyuta. Tukanyamaza, kama Baba alivyotuzoesha studio: mmoja akipigwa picha, wengine midomo wanafunga. Mara tukakusikia, "Halo? Halo? Aa, ameganda tena." Ukakata.

Tulikupigia hapo hapo. Ulishaingia zamu, simu umeifungia.

Baba akashusha kidevu, akaiachia pumzi, akauliza, "Imetoka?"

Nikamwambia imetoka, Baba.

"Haya." Akalala. Alfajiri hakuamka.

Mume wangu alinisihi nikuache uulaumu waya wake, ana mabega ya kubeba. Nimeshindwa, na si kwa ajili yake tu. Najua haya yatakuuma mahali papya, unisamehe. Lakini unaishi ukiamini kwamba mara ya mwisho ulikuwa unatazama mashine iliyokwama. Haikukwama, dada. Yule uliyemwona hapepesi ni Baba mwenyewe, yu hai, amekutulia wewe.

Msalimie sana shemeji. Kidoti umbusu mashavu yote mawili, umwambie babu yake alijua jina lake mpaka mwisho. Mama anakusalimu, anasema ule. Mungu akushike mkono huko tusikoweza kufika.

Sasa itazame picha. Nilipomwambia Baba imetoka, nilikuwa sijaiona, nilimtuliza tu. Lakini imetoka, dada. Nyote wawili mmetoka.

Mdogo wako akupendaye, hata simu ikikatika,

Bibi Harusi